Babu wa Calixte Aliitwa Nani

“Soma tena hapo,” alisema Calixte. “Taratibu.”

Scola alirudisha penseli mwanzo wa aya. Mkono wake wa pili ulizuia karatasi zisipeperuke, maana upepo wa ziwa ulikuwa umeanza kupanda kutoka Ujiji na kuingia uani bila kupiga hodi.

“‘Kwamba nimezaliwa na kukulia katika manispaa hii, na baba yangu vivyo hivyo. Kwamba nimefanya biashara ya dagaa katika mwalo wa Nyamigunga tangu ujana wangu bila kugombana na mtu.’ Ni kweli?”

“Kweli, isipokuwa mwisho. Nimewahi kugombana na Feliksi kuhusu beseni.”

“Beseni haliingii mahakamani.”

“Umesema kila neno liwe kweli.”

Scola alifuta maneno manne ya mwisho, akaandika ‘bila kushitakiwa na mtu’, akamgeuzia karatasi. Calixte aliinama, akaweka alama ndogo ya penseli pembeni. Alipoinuka macho yao yalikutana, na Scola akawa wa kwanza kuyaondoa.

Hii ndiyo kazi aliyofundishwa na Wakili Nehemia. Hati ya kiapo haisainiwi mpaka isomwe kwa sauti mbele ya mwenyewe, aya baada ya aya, naye akubali au akatae. Karatasi inayosomwa kimya, wakili alikuwa akisema, hukubali kila kitu.

Na safari hii kulikuwa na mengi ya kukubali au kukataa. Kamati ya mwalo wa Nyamigunga, pale mitumbwi inaposhushia samaki, ilikuwa imebandika tangazo kwenye mlango wa banda la mnada. Mchuuzi yeyote ambaye jina lake si la hapa alete ushahidi wa babu yake, ndipo apewe nafasi ya kuanika na kuuza. Na watu wasikusanyike kulijadili tangazo hilo. Watu wakakusanyika. Kina mama waliketi chini mbele ya banda, mabeseni matupu mapajani, kimya kabisa, mpaka mgambo wa kamati walipokuja kuwatawanya na kuzivunja chanja, zile meza za waya za kuanikia, za waliokaa mbele. Sasa wachuuzi hao walikuwa wakienda Mahakama Kuu kuuliza mambo mawili: kama mtu anaweza kuzuiwa kuuza dagaa kwa sababu ya jina lake, na kama anaweza kuvunjiwa chanja kwa sababu ya kuketi. Redio ya mji ilikuwa imewapa nafasi ya kuzungumza Jumamosi inayokuja. Lakini jalada lilitakiwa lifike masjala kesho, na hati zote ziwe zimeapiwa.

Upande wa pili wa ua, Mama Candide, mama yake Calixte, alikuwa akipepeta dagaa. Chanja zake zilikuwa miongoni mwa zilizovunjwa, kwa hiyo sasa alianika kwenye turubai hapo nyumbani, na kila jioni alipoteza muda mwingi kutoa mchanga na manyoya ya kuku. Hakuonekana kuwasikiliza. Scola alijua kuwa anawasikiliza, na kwamba utaratibu hautaki hivyo, lakini hangeweza kumfukuza mama wa watu uani mwake.

“Aya ya nne,” alisema Scola, na sauti yake ikamsaliti kidogo. “‘Kwamba babu yangu mzaa baba, aitwaye Ntakarutimana, alifika Ujiji akiwa kijana, akapanda michikichi huko Buzebazeba, akafia hapo na kuzikwa hapo.’”

“Kweli.”

“Una hakika?”

Calixte alikuwa ameshika penseli tayari. Hakuweka alama. “Una maana gani, nina hakika?”

“Ni kuuliza tu.”

“Zile nyingine hukuuliza hivyo.”

Ungo wa Mama Candide ulinyamaza kidogo, kisha ukaendelea.

Asubuhi ya siku hiyo Wakili Nehemia alikuwa amemwita Scola ofisini, akafunga mlango, jambo ambalo hakuwa na kawaida ya kulifanya.

“Hati ya mama yake Calixte niliiandika mimi mwenyewe,” alisema. “Nikamuuliza jina la baba mkwe wake. Akaniambia Kivuli. Mzee Kivuli. Nikadhani sijasikia vizuri, nikamuuliza tena. Kivuli. Sasa nasoma rasimu ya kijana, babu ni Ntakarutimana. Mtu huzikwa mara moja, Scola, na huzikwa na jina moja.”

“Huenda ni jina la utani.”

“Nilimwambia nataka jina kamili. Akatazama dirishani.” Wakili alivua miwani. “Kiapo kimoja kikitoboka, maji yanaingia mtumbwi mzima, na mle ndani kuna familia nyingi. Nenda ukazisome hati zote mbili kama kawaida. Mmoja usimwambie alichosema mwenzake, unajua hilo. Majina yakilingana, vizuri. Yasipolingana, toa hati zao zote mbili, tuende bila wao.”

“Tukienda bila Calixte, kamati itasema tumemkimbia. Hatarudi mwaloni maisha yake.”

“Najua.” Alivaa tena miwani. “Na najua pia kwamba si wewe niliyepaswa kukutuma. Nakutuma kwa sababu hujawahi kuniletea uongo.”

Maneno hayo yalikuwa yamemkaa kifuani njia nzima, yakagongana na mengine aliyotoka nayo nyumbani Katubuka. Shangazi Veneranda, aliyemlea tangu mama yake alipofariki, hakuwa mtu wa maneno mengi. Hakuwahi kuolewa, na alisema hilo lilimpa nafasi ya kutazama ndoa za watu kwa utulivu. Kuhusu Calixte alikuwa amesema mara moja tu, akichambua maharage. “Kijana aliyeanza kukupenda siku alipoanza kutafuta karatasi, mimi simwangalii macho. Namwangalia mikono. Na hujaniambia hata babu yake anaitwa nani.”

Basi sasa Scola aliitazama mikono. Ilikuwa mikono mikavu, yenye mikwaruzo ya waya wa chanja na magamba yaliyong’ang’ania kwenye kucha. Aliipenda. Hilo ndilo lililomtisha.

“Njoo,” alisema Calixte, akainuka. “Kama unataka hakika, njoo uone kaburi.”

Nyuma ya nyumba ardhi iliteremka polepole, na michikichi mizee ilisimama huko bila mpangilio, mashina yake yamejaa visiki vya makuti yaliyokatwa. Katikati yake ziwa lilionekana, na ng’ambo milima ya Kongo ilikuwa kama moshi uliosahau kuondoka. Chini ya mchikichi mrefu kuliko yote palikuwa na mawe yaliyopakwa chokaa, yamepangwa kwa umbo la mtu aliyelala.

Scola aliyatazama, kisha akatazama upande wa kichwa. “Msalaba uko wapi?”

“Mchwa.”

“Jina lilikuwa limeandikwa?”

“Kwa msumari wa moto. Baba aliandika mwenyewe.”

“Hakuna picha?”

“Ya msalaba? Nani hupiga picha msalaba?”

Kila kitu ambacho kingeweza kusema jina la mzee huyu kilikuwa kimeliwa na mchwa, na kilichobaki ni midomo ya watu wawili wasiokubaliana. Alijaribu kulifikiria jambo hilo kama la mtu mwingine, mteja asiyemjua. Angemwamini? Angeandika pembeni kwa penseli: hapa pana shaka.

“Babu yako alikuwa na jina jingine?” aliuliza. “La nyumbani, la utani, lolote.”

“Wazee wenzake walilikata jina wakamwita Ntaka. Sisi watoto tulimwita Sogokuru, yaani babu. Basi.”

“Hakuna jingine?”

“Scola.” Calixte aliegemea mchikichi. Hakuwa amepandisha sauti. “Tangu ufike hujanitazama usoni. Unanitazama mikono kama mtu anayetafuta kilichoibwa. Nani amekwambia babu yangu ana jina jingine?”

“Sijasema nimeambiwa.”

“Basi unauliza kama Gasper.”

Gasper ndiye mwenyekiti wa kamati ya mwalo.

“Usinifananishe naye.”

“Sikufananishi, nakumbuka tu. Alisimama mbele ya banda, watu wote wanasikia. Akaniuliza, babu yako nani? Nikamjibu. Akaniuliza, una hakika? Neno kwa neno. Nikatoa kitambulisho cha taifa, akasema hivyo vinanunuliwa. Na yeye pia hakusema ameambiwa na nani.”

“Mimi nauliza ili nikutetee.”

“Yeye alisema anauliza ili kulinda mwalo.”

Upepo ulipita kwenye makuti ukafanya sauti ya mvua isiyokuwepo. Scola alitaka kumwambia kila kitu, Kivuli na dirisha na mlango uliofungwa. Neno lilifika kwenye ulimi. Lakini akimwambia, Calixte angekwenda kwa mama yake, nao wangepatana jina moja kabla ya machweo, na yeye asingejua maisha yake yote kama jina hilo lilikuwa la kweli au la kupatana. Akalimeza.

“Wewe babu yako nani?” aliuliza Calixte.

“Nini?”

“Mzaa baba.”

“Bonifasi.”

“Una hakika?”

Scola aliokota kuti kavu chini.

“Kaburi lake liko wapi?”

“Manyovu.”

“Umewahi kufika?”

“Hapana.”

“Nani shahidi wako?” Alisubiri. “Huna. Na hakuna mtu aliyewahi kukukatalia hata kiberiti dukani kwa sababu hiyo. Mimi sikuchukii kwa hilo. Nataka tu ulijue unaponiuliza.”

Alikuwa amesema kweli, na kwa upole, jambo lililofanya iume zaidi. Scola alitazama ziwa mpaka macho yakatulia.

“Shangazi yako anasema nini?” aliuliza Calixte. “Kuhusu mimi. Usinipunguzie.”

“Anasema ulianza kunipenda siku ulipoanza kutafuta karatasi.”

Calixte alicheka kwa pua, bila furaha. “Ningetaka karatasi ningechumbia mhuri. Mhuri hauna maswali.”

Scola nusura acheke naye. Alijizuia, na Calixte akaona alivyojizuia, na kwa muda mfupi ukali ukaondoka kati yao kama ndege aliyeshtuliwa. Kisha ukarudi kutua palepale.

“Nilikupenda siku ya mabeseni,” alisema Calixte. “Ulikuwa unapita mstari wa mbele, unamwambia kila mama, usijibu tusi, usiinuke, usitupe hata kokoto. Jua lilikuwa kali. Ulipofika kwa mama yangu ukaona miguu yake iko juani, ukavua kanga yako ukaifunika. Halafu ukaendelea na mstari.” Aliinua macho. “Hukumuuliza jina.”

Kutoka uani Mama Candide aliita. Chakula kilikuwa tayari.

Walikula kwenye mkeka, ugali wa muhogo na samaki mgebuka aliyepikwa kwa mawese. Kabla ya kula Mama Candide alifumba macho akashukuru kwa Kirundi, kwa sauti ya chini. Scola aliyezoea Kiha cha nyumbani aliyafuata maneno mengi bila shida. Kama siku zote, aliona kuwa mama huyu hamwiti Mungu Imana kama watu wote. Husema Rurema, Muumba. Siku za mwanzo lilimpendeza, akadhani ni unyenyekevu wa kanisani kwao. Leo shaka ilikuwa imeshaingia, na shaka ikishaingia hula hata sala. Mbona mtu aliyezaliwa katika lugha hii analikwepa neno la kwanza la lugha hii?

Calixte alimega tonge akalisahau mkononi. Mama Candide aliwatazama wote wawili kwa zamu, akasogeza kipande kinono cha samaki upande wa Scola.

“Kula, mwana wanje, mwanangu. Mtu hasomi na njaa.”

“Asante, Mama.”

“Na mimi utanisomea leo?”

“Ndiyo, Mama. Baada ya kula.”

“Aah.” Akatazama pembeni, kule michikichi iliko.

Calixte alitaka kuondoka. Ndio utaratibu, shahidi mmoja asikae kwenye usomaji wa mwingine, naye aliujua. Alichukua ndoo akaenda kwenye bomba lililoko nje ya ua, na Scola akasikia maji yakianza kujaa polepole, kama kwamba bomba nalo linasikiliza.

Alifungua hati ya pili.

“‘Mimi, Candide, Mkristo, mtu mzima, naapa na kutamka kama ifuatavyo. Kwamba niliolewa nikaletwa katika nyumba hii ya Buzebazeba.’ Ni kweli, Mama?”

“Kweli.”

“‘Kwamba nimeuza dagaa katika mwalo wa Nyamigunga miaka mingi, na kwamba siku ya mkusanyiko niliketi chini kwa amani, sikumtukana mtu.’”

“Nilimtukana moyoni.”

“Moyoni si kosa, Mama.”

“Basi weka alama.”

Mama Candide hakujua kuandika, kwa hiyo aliigusa karatasi kwa kidole, na Scola akaweka alama palipoguswa. Kisha akafika aya ya nne. Wakili alikuwa ameacha nafasi tupu pale jina linapotakiwa, ili lisikike kutoka kwa mwenyewe.

“‘Kwamba baba mkwe wangu, aitwaye...’” Scola alisimamisha penseli. “Mama, hapa linatakiwa jina lake.”

“Nilimwambia wakili.”

“Niambie na mimi.”

“Mzee Kivuli.”

“Jina lake kamili, Mama. Alilozikwa nalo.”

Mama Candide alivuta ungo karibu ingawa dagaa walikuwa wameshapepetwa. Akaanza kuwachambua tena, mmoja mmoja.

“Lilikuwa kwenye msalaba.”

“Msalaba umeliwa na mchwa.”

“Mwanangu analijua.”

“Sasa nakuuliza wewe, Mama. Wewe ndiye uliyeishi naye. Kesho kamishna wa viapo atakuuliza, na siku ya shauri wakili wa kamati atakuuliza mbele ya jaji. Ukisema Kivuli, na karatasi nyingine ikasema vingine, wataturarua wote.” Alijisikia akiwa mkali, na hakuweza kuacha. “Ni jina tu.”

“Ni jina tu,” alirudia Mama Candide, taratibu, kama mtu anayepima uzito wa kitu kigeni.

Vidole vyake vilikuwa vikitetemeka juu ya ungo. Scola aliviona. Watu aliowahi kuwaandika ofisini walipotetemeka hivyo, mara nyingi kulikuwa na uongo karibu. Alifunika penseli kwa kiganja. Alifikiri juu ya jalada likienda bila hati hizi mbili. Alifikiri juu ya mwanamume aliyeko bombani, na mhuri asioutaka.

“Mama,” alisema, “usipolitaja siwezi kuiweka hati yako. Wala ya Calixte.”

Ndoo ilikuwa imejaa, maji yalisikika yakimwagika chini, na hakuna aliyeyafunga.

“Shangazi yako,” alisema Mama Candide hatimaye, “aliolewa?”

Scola hakulitarajia swali hilo. “Hapana.”

“Na mama yako alifariki ukiwa mdogo.”

“Ndiyo.”

“Basi si kosa lako. Katika nyumba yenu hakukuwa na mkwe wa mtu.” Aliweka ungo chini, akajifuta mikono kwenye kanga. “Siku nilipoletwa hapa, mama mkwe wangu alinikalisha mahali ulipokaa wewe. Akaniambia, maji yako kule, kuni ziko huku, na yule mzee, yule ni databukwe, baba mkwe wako. Jina lake halipiti mdomoni mwako. Ukimwita, unamvua nguo. Nikamtafutia jina langu mwenyewe. Alikuwa akiketi chini ya mchikichi ule kila mchana, nikamwita Kivuli, kwa wanawake wenzangu, yeye asisikie. Nimempikia. Nimemuuguza alipolala miezi bila kuinuka. Nimemwosha. Nimemzika. Jina lake sijawahi kulitamka, hata siku ya kifo, hata peke yangu kisimani.”

Scola aliweka penseli chini.

“Hata linapokaribia,” aliendelea Mama Candide, “nalipisha njia. Jina lake ndani yake lina jina la Mungu. Basi na Mungu nikamtafutia neno jingine. Padri aliwahi kuniuliza mbona siimbi kama wenzangu. Nikamwambia, Rurema anajua.”

Aliyasema hayo bila kujisifu, kama mtu anayeeleza mahali anapoweka chumvi.

Scola aliitazama karatasi yenye nafasi tupu. Jioni nzima alikuwa ameishikilia heshima ya mwanamke huyu mkononi na kuiita uongo. Aliinuka kwenye mkeka, akapiga magoti, akashika mikono ile yenye harufu ya dagaa.

“Nisamehe, Mama.”

“Ulikuwa unafanya kazi yako. Gasper hakuomba hata maji ya kunywa.” Akamvuta mkono ainuke. “Sasa niambie. Hao wa mahakama watanilazimisha?”

“Sijui.” Lilikuwa jibu la kweli. “Sijui, Mama. Nitamuuliza wakili kesho asubuhi. Labda tunaweza kuandika hivyo hivyo ulivyosema. Kwamba kwa mila humtaji, kwamba unamwita Kivuli, na kwamba ndiye huyo aliyezikwa chini ya mchikichi.”

“Watacheka.”

“Wakicheka, wacheke. Tutaiandika vizuri.”

Calixte alikuwa amesimama kwenye pengo la ua na ndoo, suruali imelowa mpaka magoti. Haikujulikana amesikia kutoka wapi, lakini uso wake ulisema alikuwa amesikia ya kutosha.

“Kivuli,” alisema. “Ndilo lilikuwa jambo lenyewe?”

“Nilikatazwa kukwambia.”

“Na ukakaa nalo siku nzima.”

“Siku nzima.”

“Ukidhani mama yangu na mimi tumebuni mzee.”

Scola alimtazama usoni, kwa mara ya kwanza tangu afike. “Sikujua nidhani nini. Nilitaka sana iwe kweli, ndiyo maana sikujiamini.”

Calixte alitua ndoo. Alionekana akilitafuta jibu kali na kulikosa. “Ungeniuliza mama anamwitaje,” alisema mwishowe, “ningekwambia hamwiti. Nimekua nikijua. Sikufikiria kama ni kitu cha kuwaambia watu, ni kama kuwaambia tunavua viatu mlangoni.”

“Njoo uweke alama yako,” alisema Scola. “Aya yako ya nne haina alama.”

Alikuja akaketi, si karibu sana, si mbali kama mwanzo. Scola alichukua hati yake, akaikunjua gotini, akaanza upya kama alivyofundishwa, kwamba kila aya yenye utata isomwe upya. “‘Kwamba babu yangu mzaa baba, aitwaye...’”

Mkono wa Mama Candide ulitua juu ya karatasi, ukalifunika neno lililofuata.

“Hapo mwache asome mwenyewe,” alisema.

“Utaratibu ni mimi nisome, Mama. Mimi ni msaidizi wa sheria tu, si...”

“Najua wewe ni nani ofisini.” Hakuutoa mkono. “Ulilisoma mchana, sikusema kitu, ulikuwa mgeni aliyeletwa na karatasi. Lakini kama kweli unakuja nyumba hii, anza kuzoea leo.”

Calixte alikuwa akitazama mkeka kwa makini, masikio yake yamebadilika rangi. Taratibu Scola akamsogezea Calixte karatasi, na Calixte akalisoma jina la babu yake kwa sauti, lote, mpaka mwisho, akaweka alama pembeni. Penseli ilivunjika ncha.

Giza lilikuwa halijaingia vizuri Scola alipofika Katubuka. Shangazi Veneranda alikuwa barazani, ungo wa maharage mapajani, akichambua zaidi kwa kugusa kuliko kwa kuona.

“Shikamoo, Shangazi.”

“Marahaba. Umechelewa. Umekula?”

“Nimekula huko.”

“Kwa mama yake.”

“Kwa mama yake.”

Jiwe dogo lilirushwa uani. “Na hilo jalada lenu limekwisha?”

“Bado. Hati ya mama imebaki aya moja. Nitaiandika upya kesho asubuhi na Wakili, kama atakubali. Akikataa, sijui.” Scola aliketi kwenye ngazi, akaweka bahasha magotini. Aliona aseme na lililobaki. “Nimeona kaburi la babu yake. Liko hapo hapo nyumbani, kwenye michikichi.”

“Kaburi ni mawe,” alisema shangazi. “Lina mtu ndani au halina, mawe hayasemi. Anaitwa nani huyo babu?”

Scola alifungua mdomo. Jina lilikuwa pale, kamili. Alikuwa amelisoma moyoni njia nzima ya kwenda, na mara moja kwa sauti mbele ya watu. Alilihisi kwenye ulimi likiwa na uzito ambao mchana halikuwa nao.

“Kesho Calixte atalisoma mbele ya kamishna,” alisema. “Utalisikia na Jumamosi redioni, yeye ndiye atakayezungumza.”

“Nimekuuliza wewe.”

“Mimi simtaji, Shangazi.”

Vidole vya Veneranda viliacha kutembea juu ya ungo. Kwa muda mrefu alimtazama binti wa kaka yake, si macho, si mikono, uso mzima. Kisha akausukuma ungo kidogo upande wake, ili Scola naye afikie maharage.

“Kalamu yako ina wino?” aliuliza. “Isije ikakwama kesho.”

“Ilikuwa penseli. Imevunjika ncha.”

“Ichonge kabla hujalala,” alisema shangazi, na wakaendelea kuchambua.